Mianzo Bila Miisho

Watu wengi wakikumbushana picha za ujambazi za zamani huanzia mwishoni: adui alivyokufa, steringi alivyoondoka bila kugeuka huku moto unawaka nyuma yake. Mimi hukumbuka zilivyoanza. Nitajie picha yoyote iliyopita kwenye mabanda ya video ya Temeke mwanzoni mwa miaka ya 1990, nitakwambia nani alitangulia kuonekana, alivaa nini, na risasi ya kwanza ilitokea upande gani wa kioo. Baada ya hapo sina uhakika, maana nilikuwa nimeshafukuzwa.

Sikuwa mtazamaji. Nilikuwa muuza karanga. Mama alikaanga karanga hapo Tandika, akazifunga kwenye vikaratasi vya gazeti, na jioni mimi nikabeba sinia hadi banda lililokuwa nyuma ya soko: mbao, mabati yenye kutu, madirisha yaliyozibwa kwa maboksi, mabenchi, na mbele kabisa TV ya chogo juu ya meza, deki ikiwa ndani ya kisanduku chenye kufuli. Ubao wa chaki nje ulitaja picha mbili, moja ya mapigano na moja ya Kihindi. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, kwa hiyo banda ndilo lilikuwa kila kitu. Watu walinunua karanga wakiingia, na tena katika zile dakika za kwanza, mikono ikinyooshwa kutoka gizani bila mwenyewe kugeuza shingo. Picha ikishakolea hakuna anayekumbuka karanga. Hapo mwenye banda alishusha pazia la gunia akaniambia, "Haya mwanangu, giza hilo, nyumbani." Watoto wa kike hawakukaa mle. Halikuandikwa popote, na mimi sikuwahi kuuliza.

Basi elimu yangu ya filamu ni ya dakika kumi kumi. Sijioni nimepunjika sana. Waliotengeneza picha zile walijua kwamba mtu aliyetoa pesa yake mlangoni bado anaweza kunyanyuka, na walitia ufundi wao pale pale mwanzoni.

Chukua *Commando*, ambayo kwetu ilikuwa Komando tu, ya mwaka 1985, Mark L. Lester akiiongoza na Arnold Schwarzenegger akiwa steringi. Ilirudiwa mpaka mkanda ukaanza kutoa michirizi. Inaanza kwenye mtaa wa watu wenye nafasi, kumetulia, na lori la taka linakuja. Mwanamume yuko kitandani na mkewe. Analisikia lori, anakurupuka, anatoka mbio na mifuko ya taka ili lisimpite. Wazoa taka wanageuka na bunduki.

Tandika lori la taka halikupita. Taka zilichomwa shimoni au zikangoja mvua izipeleke bondeni. Kwa hiyo kilichotushangaza kwanza hakikuwa mauaji, bali kwamba kuna nchi ambako mtu hukimbizana na gari ili limchukulie uchafu wake. Banda zima lilicheka. Na katikati ya kicheko ndipo risasi zilipolia. Sidhani Lester aliwahi kuwaza habari za Tandika, ila mtego wake ulitunasa vizuri kuliko ulivyowanasa Wamarekani wenyewe: sisi tulikuwa hatujajiandaa kabisa. Hofu ya tukio lile imejengwa kwa vitu vya kawaida, mchana kweupe, sare za kazi, gari ambalo mtaa mzima unalijua.

Halafu mmoja wa wale wa kwenye lori, jamaa mweusi mrefu, Bill Duke, anaingia duka la magari. Anaulizia gari kwa upole, anakaa kwenye usukani, anawasha, anamkumba muuzaji na kutoka naye kupitia kioo. Kisha tuko gatini. Mtu anapanda boti yake, boti inalipuka. Watu watatu wameshaondoka na hatujaambiwa ni kina nani wala wamekosa nini. Wa kwanza kafuatwa nyumbani, wa pili kazini, wa tatu kwenye boti. Hakuna mahali pa kukimbilia, na hakuna neno moja lililohitajika kulisema hilo, jambo ambalo kwetu tusiojua Kiingereza lilikuwa heshima kubwa. Hapo ndipo jina la picha linapotokea.

Steringi mwenyewe analetwa kwa vipande. Buti zinakanyaga. Mkono. Gogo begani. Uso unachelewa makusudi. Kisha anapasua kuni, na kwenye chuma cha shoka anamwona binti yake akimnyatia kwa nyuma. Umeonyeshwa wanaoua, umeonyeshwa nguvu za mtu, sasa unaonyeshwa kile atakachonyang'anywa. Pazia la gunia likashuka. Nilirudi nyumbani na sinia langu nikijua yule mtoto atatekwa, ingawa hakuna aliyenambia.

Kilichobaki nilikipata kwa kaka. Yeye alikuwa mle ndani, benchi la mbele, na usiku tukiwa tumelala alinisimulia kwa kunong'ona ili mama asisikie. Hakupoteza muda na mwanzo, alijua ninao. Alianzia kwenye shoka. Na alipofika mahali fulani akanyamaza, akavuta pumzi, akasema, "Yule wa boti hakufa." Nilikaa kitako gizani. Bennett, yule tuliyeona boti yake ikigeuka moto, ndiye adui mwenyewe. Kifo chake kilipangwa. Kati ya vifo vitatu tulivyohesabu, kimoja kilikuwa uongo, na uongo huo ulitendwa mbele ya macho yetu kabla hata jina la picha halijaandikwa. Nimeona mianzo mingi tangu hapo. Michache imethubutu kumdanganya mtazamaji mapema hivyo na bado ikamlipa deni lake.

Mianzo mingine haikunifaa kitu. *Sholay* ya 1975 inaanza na treni inasimama kwenye kituo kidogo, ofisa anashuka, anapokelewa, wanapanda farasi, na majina ya wahusika yanapita juu ya milima na muziki wa R. D. Burman. Kwa miaka mimi niliijua *Sholay* kama picha ya wanaume wawili wanaosafiri kwa farasi. Gabbar Singh, jambazi ambaye kila mtoto wa kiume Tandika alikuwa akimwigiza kicheko chake, anaingia ikiwa imeshapita kama saa nzima. Muuza karanga hawezi kumngoja Gabbar.

Baadaye walikuja wasimuliaji. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, aliichukua picha ya Kizungu au ya Kichina na kuitia sauti yake juu, Kiswahili mwanzo hadi mwisho, kanda zikasambaa mpaka mikoani. Msomi mmoja wa Kijerumani, Matthias Krings, aliiona sanaa hiyo kuwa kubwa kiasi cha kuiandikia kitabuni. Kenya DJ Afro akafanya ya kwake. Nawapenda, na nawalaumu kwa jambo moja. Msimuliaji haogopi kitu kama kimya, na mwanzo wa picha ya ujambazi mara nyingi ni kimya. Lori halijasimama umeshaambiwa hawa ni wauaji. Tulipata maelezo ya kila kitu, pamoja na ambayo hayakuwemo, tukapoteza ile nafasi ya kukisia.

Niliondoka Tandika nikahamia Kinondoni kwa shangazi, na huko nikakuta watu wenye kumbukumbu za aina nyingine. Wakubwa walizungumzia Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1960, ambako mtu alitazama picha ndani ya gari lake chini ya nyota. Mjini kulikuwa na Empire, Avalon, Empress. Kwa mtu wa Temeke asiye na usafiri wa kurudi usiku, hayo yalikuwa majina tu.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 lori lilifika kwenye ubalozi wa Marekani kule Oysterbay kabla ya saa tano asubuhi. Lilikuwa gari la kawaida, saa ya kazi. Watu 11 walikufa Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi siku hiyo hiyo. Kinondoni tulisikia mshindo, wengine wakadhani ni transfoma. Sitaki kuyalinganisha na sinema, waliokufa walikuwa watu na si wahusika. Ila tangu siku ile siwezi kucheka mwanzoni mwa Komando. Ubalozi mpya ulijengwa Msasani, palepale ilipokuwa Drive-In.

Mwanzo bora kuliko yote kwangu niliuona siku hizo hizo, kwenye TV ya shangazi, nimekaa kwenye kochi kama mtu mzima. *Face/Off* ya John Woo, 1997. Baba na mtoto wako kwenye farasi wa bembea, wanazunguka, wanacheka. Kwa mbali mwanamume mwenye masharubu ya bandia analenga bunduki, na kabla ya kufyatua anakunywa soda kwa mrija. Ile soda ndiyo inayoniumiza. Risasi inapita kwa baba, inamkuta mtoto. Muuaji alimtaka mmoja akampata mwingine, na picha nzima iliyobaki ni deni la kosa hilo. Adui ametambulishwa kwa kiu.

Halafu ikaja zamu yetu wenyewe. *Girlfriend* ya George Tyson ilitoka 2003, na ndani ya miaka michache filamu za Kiswahili zilikuwa kwenye kila meza ya machinga. Deki za VCD za Kichina zilikuwa rahisi, picha ikatoka bandani ikaingia sebuleni, na hapo ndipo wanawake tulipopata viti. Wanaozibeza Bongo Movie husahau hilo. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, walioujaza mji hadi makaburi ya Kinondoni hawakuwa wavulana wa mabandani peke yao. Walikuwa mama zetu na dada zetu.

Lakini mianzo yake, jamani. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti. Gari kubwa linaingia taratibu, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, kiatu. Tajiri anapanda ngazi zote. Anapokea simu, "Haloo... eeh... haloo." Hata ikiwa ni picha ya majambazi, majambazi nao wana geti lao. Sababu naielewa: nyumba ya Mbezi Beach imeazimwa kwa siku moja, lazima ionekane yote, na hadithi inatakiwa ijaze diski mbili. Kwa maana mwisho ulikuwa kwenye sehemu ya pili, na sehemu ya pili iliuzwa peke yake. Nilikuwa nimepata kiti, nimepata sebule, hakuna wa kunishushia gunia, na bado mwisho ukawa bidhaa nyingine ya kununua kesho.

Kenya walifanya ujanja ulionigusa. *Nairobi Half Life* ya David Tosh Gitonga, 2012, ni hadithi ya kijana anayetumbukia kwenye ujambazi wa jijini, lakini haianzi na bunduki. Inaanza kijijini, Mwas akiuza filamu na kuwaigizia wateja matukio yake, mwili mzima. Nilipoiona nilimpigia kaka simu. Nikamwambia wamemweka kwenye sinema. Akaniuliza kama wamemlipa.

Mabanda yapo. Pale Tandika lililobaki linaonyesha mpira, kwa king'amuzi, na Simba na Yanga zikicheza huwezi kupitisha hata karanga moja. Picha sasa mtu huwekewa kwenye flashi au huzishusha kwenye simu, na akizifuata kwenye mitandao ya kulipia, kitufe cha kuruka utangulizi kinamtokea chini ya kioo kabla hajaketi vizuri. Nimewahi kukibonyeza. Kidole kinazoea.

Mtoto wa kaka, huko Mbagala, anafanya kazi ya kufupisha filamu. Anachukua picha ya saa mbili, anaisimulia kwa dakika chache kwa Kiswahili, anairusha mtandaoni, na anapata chochote. Ana sauti nzuri, ya baba yake. Juzi tulikuwa kwao, akatuonyesha aliyoifanya karibuni, na nilifurahi kuona ni Komando. Akabonyeza.

"Filamu inaanza na jamaa anaitwa Bennett, anayejifanya amekufa kwenye boti..."

Kaka aliinua mkono kama anasimamisha daladala. "Hiyo huisemi sasa! Hiyo inangoja!"

"Baba, wakingoja wanahama."

"Shangazi yako alikaa kitako usiku kwa ajili ya hiyo."

Kijana alinitazama kwa adabu, nadhani akihesabu miaka yangu. Kisha akasema aliwahi kuisimulia kwa mpangilio wake, mwanzo kama ulivyo, lori, duka, boti. Hiyo video anayo. Akaifungua upande wa takwimu, sehemu inayoonyesha watu wanaacha kutazama sekunde ya ngapi, tukainama wote watatu juu ya simu. Mstari ulianza kuporomoka kabla lori la taka halijasimama.