Kuvuka Blue Mountains kwenda Bathurst

Huku Sydney mimi mzima, zamu zinaendelea kama kawaida. Wengi mnaniuliza kama nchi hii ni maghorofa na bahari tu, kama mnavyoiona kwenye picha. Mjomba ndiye aliyenichekesha zaidi: "Hivi huko kuna mlima wenye kona kama Kitonga?" Mtu aliyeendesha malori ya Zambia miaka yote ile, kwake nchi isiyo na kona haijawa nchi. Basi leo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja.

Mei 2025 nilipata siku tatu za mapumziko baada ya zamu nne za usiku. Jirani yangu, muuguzi mwenzangu kutoka Kisii, naye alikuwa mapumzikoni, na bahati nzuri ana Corolla. Tukajaza chai kwenye chupa, tukafunga maandazi na mayai ya kuchemsha, tukashika barabara ya M4 kuelekea magharibi. Kutoka Sydney mpaka Bathurst ni kama kilomita 200, saa tatu hivi kama husimami njiani. Sisi zilituchukua karibu saba, maana kila tulipoona bango la kahawia, ambalo huku ndilo la vivutio vya watalii, tulisimama. Ila sikwenda kutembea tu. Nilikuwa na sababu nyingine ambayo Mama anaijua nusu. Nitaifikia.

Ukivuka mto Nepean pale Penrith, mlima unaanza. Barabara inaitwa Great Western Highway. Masikio yanaziba, unameza mate, yanazibuka, halafu yanaziba tena. Kitu nilichokiona tofauti na kwetu ni kwamba barabara haizunguki ubavuni kama ile ya Mombo kwenda Lushoto. Inatembea juu ya mgongo wa mlima, na mabonde yako pande zote mbili. Sababu yake ni ya kihistoria. Waingereza walifika Sydney mwaka 1788, lakini miaka 25 nzima milima hii iliwashinda, kwa sababu waliokuwa wakifuata mabonde waliishia kwenye kuta za miamba. Mwaka 1813 Blaxland, Lawson na Wentworth wakaamua kufuata mgongo, wakapita. Leo kuna mji njiani kwa jina la kila mmoja wao.

Mwaka uliofuata, bwana mmoja William Cox akapewa wafungwa 30 wachonge barabara mpaka Bathurst. Walianza Julai 1814 wakamaliza Januari 1815, kama kilomita 160, kwa sururu, shoka na baruti. Waliahidiwa uhuru wao kama malipo. Jirani yangu aliposikia hivyo akasema, "Kumbe sisi si wa kwanza kuambiwa tuvuke mlima ndipo tupewe makaratasi." Tukacheka, lakini lile neno likanikaa.

Vitabu vinawaita wale mabwana wagunduzi. Wenyeji wa asili, Wadarug na Wagundungurra, walikuwa wakipita milimani humo maelfu ya miaka kabla yao. Na kule upande wa pili, Wawiradjuri wa Bathurst walipopinga kunyang'anywa ardhi, mwaka 1824 gavana alitangaza sheria ya kijeshi, na wengi wakauawa. Nawaeleza haya msije mkadhani kuwa barabara nzuri huwa haina madeni.

Sasa sikilizeni hili. Ile miti tunayoiita mikaratusi, iliyojaa Lushoto, kwao ndiko huku! Iko ya aina zaidi ya 700, karibu yote asili yake ni Australia. Milima hii inaitwa ya bluu kwa sababu mafuta ya majani yake yanapanda hewani, mwanga ukipita unaona ukungu wa bluu umetanda bondeni. Tulipofungua vioo vya gari, harufu iliyoingia ilinirudisha nyumbani moja kwa moja: sufuria la majani, blanketi, na Mama ananishika kichwa nisitoke mpaka mafua yaishe. Siku hizi anamfukiza mwanangu hivyo hivyo. Kijana ananiambia kwenye simu, "Mama, Bibi kanichemsha tena."

Miti hiyo ina mambo. Moto mkubwa wa 2019 na 2020 uliunguza karibu asilimia 80 ya eneo la milima hii ambalo UNESCO ililiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Bado utaona magogo meusi kama mkaa, lakini yamechipua majani kuanzia chini mpaka juu, yamevaa kama soksi ya manyoya.

Katoomba, kwenye mita kama 1,000 hivi, tulisimama kuangalia Three Sisters, nguzo tatu za mawe zilizosimama ukingoni mwa bonde. Baridi ilimtetemesha jirani yangu. Mimi mtoto wa Lushoto, mita 1,400, nikajifanya siisikii. Kuna treni inayoteremka mwamba kwa mteremko wa nyuzi 52, zamani ilikuwa ya mgodi wa makaa ya mawe. Tulisoma bei ya tiketi, tukatazamana, tukaenda kula maandazi yetu.

Watalii husimuliwa kwamba nguzo zile walikuwa madada watatu, mzee mmoja akawageuza mawe kuwakinga na vita, halafu akafa kabla ya kuwarudisha. Wengine wanasema hadithi hiyo kwa namna inavyosimuliwa leo ilitungwa kwa ajili ya wageni. Iwe ya kweli au ya kutungwa, mimi niliondoka pale kimya. Mwanangu nilimwacha kwa Bibi yake akiwa na miaka minne, nikisema ni kwa usalama wake, mpaka nikae sawa. Sasa ana miaka tisa.

Mjomba, kona zako ziko baada ya Mount Victoria. Barabara inateremka Victoria Pass juu ya ukuta wa mawe uliojengwa na wafungwa na kufunguliwa mwaka 1832. Mabango yanawaamuru madereva wa malori waweke gia ya chini. Ni mkali, lakini mfupi kuliko Kitonga, na hakuna utingo anayekimbia na jiwe nyuma ya tairi. Ukimaliza, nchi inafunguka: nyasi, kondoo na mbingu kubwa.

Bathurst ni mji mdogo, mtulivu. Kuna njia ya mashindano ya magari, Mount Panorama, kilomita 6.2, ambayo siku za kawaida ni barabara ya watu wote na wengine wana nyumba zao pembeni. Corolla yetu ikaizunguka kwa spidi 60, bibi mmoja na mbwa wake wakatupungia mkono kama washindi.

Sasa ile sababu. Hospitali moja ya upande ule inanihitaji. Nilizunguka wodini, nikaongea na msimamizi. Kuna viza, namba 491, iliyoanza Novemba 2019 kwa wenye ujuzi wanaokubali kuishi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Ukikaa nayo miaka mitatu na kutimiza masharti, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mtoto anaingia kwenye maombi ya mzazi. Na kodi ninayolipa Sydney kwa chumba kimoja, kule niliona nyumba yenye vyumba viwili na uwanja wa kuchezea mpira.

Nitakosa mengi. Unga wa ugali nanunua Blacktown, na Kiswahili changu chote kiko kwa jirani huyu. Hayo nitayazoea. Kinachoninyima usingizi ni Mama. Kijana ndiye anayemchotea maji, anayemsomea dozi ya presha kwenye karatasi ya dawa, anayelala chumba cha pili usiku. Nikimchukua, ile nyumba inabaki na mtu mmoja. Nikimwacha miaka mitatu mingine, nitampokea kijana wa kidato cha kwanza asiyejua ninavyocheka.

Maombi nimeshatuma, na jina la mwanangu limo. Mama nimemwambia kuhusu kazi, la mtoto sijamwambia, kwa sababu si neno la kusema kwenye simu inayokatikakatika. Shangazi, nakuomba wewe na Mjomba mwende Lushoto mkaongee naye ana kwa ana. Msimshawishi. Mulizeni tu angependa nani akae naye, na kama atakubali binti wa dada ahamie pale akisoma. Na mtoto mwenyewe mumuulize Bibi akiwepo, ili asijione anamsaliti mtu.

Mimi nitapiga Jumapili jioni, saa za kwenu. Nimebadilishana zamu kwa ajili hiyo.