Shangazi Yetu Kwenye Steji ya Isiolo

Kila turudipo safarini, kina mama na dada zetu wasomao jarida hili hutuuliza tumeona nini huko. Juma hili tunawapa habari za Isiolo, mji tuliokwenda kwa ajili ya nikahi ya kijana wetu mmoja, na ambako kidogo tumpoteze shangazi yetu.

Kutoka Mombasa tulilala garini hadi Nairobi, na asubuhi tukapanda basi jingine Eastleigh. Baada ya Nanyuki njia hupanda mpaka Timau, penye mashamba ya ngano na baridi ya kumfanya mtu wa pwani ajifunike kila alichobeba. Kisha barabara huanza kuteremka. Katika muda usiotosha hata kumaliza chupa moja ya chai, masweta yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa, na mbele kunatanda bonde kavu lenye migunga mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo Isiolo.

Mji huu tangu asili yake ni wa wasafiri. Waingereza waliwapa makazi hapa askari wa Kisomali waliowatumikia katika Vita Vikuu vya Kwanza; Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru nao wana sehemu zao, na sokoni utasikia lugha tano kabla hujafika kwenye ndizi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tangu barabara ya Moyale ipate lami, kiasi cha kilomita mia tano kuelekea mpaka wa Ethiopia, safari iliyokuwa ya malori na ya siku kadhaa imekuwa ya siku moja. Kwa hiyo steji ya Isiolo haipumziki. Yapo magari ya Meru, Nanyuki na Nairobi. Yapo ya Marsabit na Moyale. Na yapo ya Merti na Garbatulla, ambayo huondoka yakishajaa.

Siku ya tatu baada ya nikahi, shangazi alitaka kumzuru mwanafunzi wake wa zamani aliyeolewa Garbatulla. Shangazi yetu amepita miaka sabini, na kwa muda mrefu wa umri wake amesomesha chuo nyumbani kwake Mji wa Kale. Tuliwekesha viti, tukaweka mizigo, na adhana ya adhuhuri ikatukuta hapo. Tukaenda msikitini, yeye upande wa wanawake nasi upande wa wanaume. Kabla ya kuachana tulimwambia, “Shangazi, ukitangulia kutoka, nenda ukakae garini. Limeandikwa Garbatulla kwenye kioo.” Simu yake ilikuwa mkobani mwetu. Makosa yote mawili ni yetu, na hatumtwiki mtu mwingine.

Tulipotoka, hatukumwona garini. Tulimtafuta kwenye maduka, tukarudi msikitini, tukawauliza wauza mirungi na wauza maji. Saa nzima ilipita. Vijana wa steji, Mungu awalipe, waliacha kazi zao wakatusaidia, na mmoja wao akatuuliza kwa huruma, “Sheikh, mama hajui kusoma?”

Kumbe shangazi alikuwa amesoma. Alipofika kwenye mstari wa magari, aliona vioo vyote vimejaa maandishi asiyoyafahamu isipokuwa kimoja. Kwenye kioo cha nyuma cha gari hilo palikuwa na neno “Mashaallah” kwa hati nzuri ya Kiarabu. Akaona hilo ndilo gari la jamaa zetu, akapanda, akakaa, akatoa tasbihi yake. Gari lilikuwa la Meru.

Kilichomzindua ni baridi. Alikuwa ameambiwa Garbatulla ni joto kuliko Isiolo, naye anaona barabara inapanda na watu wanavaa makoti. Akamwuliza makanga, “Mwanangu, mbona twarudi kwenye baridi?” Walikuwa wamekaribia njia panda ya Subuiga. Kijana yule alimshusha kwa adabu, akakataa nauli, akasimama naye kando ya barabara hadi lilipopita gari la kurudi Isiolo, akamkabidhi kwa dereva. Aliporejea tulikuwa tumekwisha kukauka koo.

Usiku, baada ya isha, tulimweleza kwa kicheko maneno ya yule kijana, kwamba labda hajui kusoma. Yeye hakucheka. Mwanamke huyu amekhitimisha watoto wasiohesabika. Ujana wake, mumewe akiwa baharini, alikuwa akimwandikia barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, naye akijibiwa vivyo hivyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ningeandikiwa ningesoma.”

Maneno hayo yalitunyima usingizi. Ni mama zetu wangapi wa Lamu, Pate, Siyu na Mombasa wanaosoma msahafu na barua, na bado kwenye steji huitwa wajinga? Wala si wao peke yao. Kisomali kilipata herufi zake rasmi za Kilatini mwaka 1972. Mzee wa Isiolo aliyekuwa amekwisha kuwa mtu mzima wakati huo huenda hakuzijua kamwe. Mama wa Kiturkana kutoka malishoni hana herufi hizo wala zetu.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda steji mapema kabla ya wenzetu, tukayapitia magari moja moja kama msahihishaji apitiaye daftari. Tuliona amri ya kufunga mkanda kwa Kiingereza. Tuliona katazo la sigara kwa Kiingereza, ingawa hilo lilikuwa na picha, na picha ile hata mtoto aliifahamu. Katika basi moja kubwa, maelezo ya namna ya kufungua dirisha la dharura yalikuwa mistari minne ya herufi ndogo, kwa Kiingereza, tena yamefichwa na pazia. Tulijiuliza, basi hilo likipinduka usiku katika jangwa la kaskazini, ni nani atakayeyasoma? Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika magari tuliyoyakagua, Kiswahili tulikikuta kwenye misemo ya mapambo tu.

Lakini steji hiyohiyo ilikuwa na jambo jingine la kutazamwa. Isiolo husafirisha maziwa ya ngamia kwa mabasi kila siku hadi Eastleigh, na biashara hiyo imo mikononi mwa kina mama. Tuliona madumu yamepangwa kungoja basi, na kwenye mikono ya madumu pamefungwa vitambaa: jekundu, kijani, cha maua, cheupe chenye fundo mbili. Tulimwuliza mama mmoja maana yake. Akatutazama kama aulizwaye jina la mwanawe, akasema kila mmoja ana kitambaa chake, na dumu tupu humrudia mwenyewe bila ugomvi. Basi dumu lilikuwa na alama ya kulifikisha Nairobi na kulirudisha, na shangazi yetu hakuwa nayo.

Serikali haikukosa kuufikiria mpango wa alama. Tangu mwaka 2004, kwa kanuni ambazo watu huziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, matatu zilitakiwa kupakwa mstari wa manjano ubavuni na kuandikwa njia zake. Mstari huo unamsaidia askari kulijua gari la abiria. Abiria haumsaidii kitu, kwa kuwa la Meru na la Moyale yote ni manjano. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walifanya vizuri zaidi: daladala zao hupakwa mistari ya rangi mbalimbali kwa kufuata njia, na mtu asiyejua herufi hulijua gari lake kwa rangi. Na mbali kabisa, Mexico, reli ya chini ya jiji ilipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake, ili hata abiria asiyejua kusoma akitambue.

Wako waliotuambia dawa ni kuandika kila kitu kwa Kiarabu pia. Hatukubaliani nao, ijapokuwa herufi hizo ndizo tulizolelewa nazo. Zingemfaa shangazi, zisimfae yule mama wa Kiturkana, na steji ni ya wote wawili. Rangi na picha kubwa ziwe mbele. Kiswahili chepesi kifuate. Na atakaye kuongeza Kiarabu au Kisomali aongeze. Na sauti isidharauliwe. Makanga apigaye kelele “Meru, Meru, Meru” ndiye kibao cha kipofu, ila akienda kula kibao kimekwenda naye, na kiziwi hana fungu hapo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu hao, na kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa haki ya usafiri na ya habari. Siku ile hatukuona hata gari moja lenye alama ya kupapaswa kwa vidole.

Wenye magari wengi wa Isiolo ni waumini wenzetu, na neno tuliloliona kwenye kile kioo latuonyesha kwamba wanajua kuandika kwa uzuri wanapotaka. Tuliwakumbusha waliokuwapo ile hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Imam Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) alihesabu miongoni mwa sadaka kumwonyesha njia aliyepotea na kumwonea yule ambaye macho yake ni dhaifu. Mmoja alituuliza rangi itagharimu kiasi gani. Tukamwambia ni chini ya bei ya ile hati ya Kiarabu kiooni, akacheka.

Siku hiyo tulisafiri. Makanga wa gari la Garbatulla alikuwa amesikia kisa cha jana. Kabla hatujaondoka alimwomba shangazi kipande cha leso, naye akachana upindo wa leso yake kuukuu nyekundu. Kijana akaufunga kwenye kioo cha pembeni. Tulipofika Kulamawe tulishuka kunywa chai, na tulipomaliza palikuwa na magari manne yamesimama, yote meupe, yote vumbi tupu. Shangazi alitutangulia, akapanda, akatushikia viti.