Joto la Nyumba ya Kupanga

Watu wengi hudhani kwamba nchi zilizo karibu na Ikweta hazijui baridi. Na waje Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko usiku joto huweza kushuka hadi karibu digrii 10.

Kaka yangu amepanga chumba mjini humo pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Usiku wa baridi walikuwa wakiingiza sigiri ya makaa ndani na kufunga dirisha. Habari hiyo ilinitia hofu, maana makaa yanayoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Basi shemeji aliponiuliza, "Wewe usomaye fizikia, tununue hita gani isiyotumaliza fedha?" nilijua kuwa swali lake si la mchezo.

Madukani zipo hita za feni, za nyaya zinazong'aa, na za mafuta. Kila muuzaji husifu yake. Lakini yuniti moja ya umeme, yaani wati 1,000 kwa muda wa saa moja, hutoa joto lile lile katika hita hizo zote. Ya feni hupasha upesi, ya mafuta hukawia kupoa. Bali hakuna izidishayo joto. Kiyoyozi cha kupashia joto huweza kuleta joto mara tatu ya umeme kinaoutumia, kwa kuwa huvuta joto la nje. Lakini bei yake ni kubwa, na mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba.

Kaka alisema, "Makaa ni rahisi, ndugu yangu. Umeme hula fedha usiku kucha." Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa 8 hula yuniti 16. Kuchemsha lita 2 za maji katika birika la umeme hula kama yuniti 0.2 tu, na maji hayo yakitiwa katika mfuko wa mpira hupasha kitanda vizuri.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi. Kwanza, nyufa za mlango zizibwe kwa matambara. Pili, mfuko wa maji moto upashe kitanda cha mtoto kabla hajalala, kisha uondolewe asije akaungua. Tatu, inunuliwe hita ndogo ya wati 1,000, iwashwe kwa muda wa saa moja tu jioni. Ichomekwe ukutani, si katika waya mwembamba wa kuunganishia, ambao huweza kupata moto na kuunguza nyumba. Tena mwenye nyumba aarifiwe mapema, kwani mita ni moja kwa wapangaji wote.

Sasa sigiri hulala uani. Wenzangu mnaokwenda likizo milimani, ulizeni kwanza nyumbani kwenu inalala wapi.