Shikamoo Iliyoniponyoka

Kwa miezi minne niliwaficha wanafunzi wangu kwamba najua Kiswahili. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni kazi nzito, maana sisi hata kukohoa kwetu kuna lafudhi.

Sharti lilitoka kwa mwenye chuo. Siku aliyonipa kazi alinieleza kwamba hawa watu wamelipa ada waje wasikie Kiingereza, na kwamba Wakongomani wakishajua mwalimu ni Mswahili mwenzao, darasa litageuka kijiwe cha kahawa. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa juu ya ubao: Kiingereza tu. Wakiniuliza nimetoka wapi niseme kusini, basi, nisifafanue. Nilikuwa sina kazi tangu mwaka uanze. Nikasema sawa.

Chuo chenyewe kiko Kampala, upande wa Nsambya, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kwa hiyo mazoezi ya kusikiliza tunayafanya huku fundi akijaribu injini. Wanafunzi ni Wakongomani wa Bukavu, Goma, Uvira na Butembo, Warundi, Wasomali wanaoshuka kutoka Kisenyi, na vijana wa Sudan Kusini. Wapo waliomaliza sekondari kwa Kifaransa na sasa wanataka chuo kikuu cha Uganda, ambako kila somo ni Kiingereza. Wapo wanaosubiri kupelekwa Kanada. Wapo wafanyabiashara. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na wengi wa wanafunzi wangu wamo katika hesabu hiyo, ingawa darasani hakuna anayejiita mkimbizi. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ilibidi tufungue darasa la jioni.

Kuficha kulikuwa na utamu wake, nikiri. Walikuwa wakinisengenya mbele ya uso wangu. "Mwalimu eko na njaa," kijana mmoja wa Bukavu alimnong'oneza mwenziwe, "angalia shingo yake." Mimi niko ubaoni naandika vitenzi, uso mkavu kama papa wa Kojani, na shingo yangu imeanza kuwasha.

Ila nilikuwa nasikia na mengine. Nikishamaliza kueleza jambo na kuuliza kama wameelewa, wote huitikia ndiyo. Kisha nikigeuka kufuta ubao huanza ule mnong'ono: amesema nini? Na siku zote yupo mmoja anayewafafanulia wenzake, kwa ukarimu mkubwa, na mara nyingi anakosea. Siku niliyofundisha "used to", msamaria huyo aliwaambia wenzake watatu kwamba maana yake ni nimezoea. Wote wanne wakaandika kwamba siku hizi "they used to eat posho", yaani ugali, nao kwa kweli posho walikuwa wanaila, tena mchana wa siku ileile. Dawa ya kosa lile ni sentensi moja ya Kiswahili: ilikuwa tabia yangu zamani, sasa nimeacha. Ninayo mdomoni. Nikaimeza, nikachora mstari wa wakati, nikachora mtu anavuta sigara, nikachora mtu huyohuyo hana sigara. Dakika ishirini zikaenda, na mmoja akadhani nafundisha habari za afya.

Mwezi wa tano akaja mama wa Butembo. Ukiujua mji ule unawajua wafanyabiashara wake, watu ambao leo wako Kampala, kesho Dubai, keshokutwa Guangzhou wanafuata mzigo. Mama alikuwa mtu wa makamo ya juu, mvi zimechungulia chini ya kitambaa, kitenge kimekaa sawasawa, mkononi mfuko wa nailoni uliojaa ankara. Akasimama mlangoni. Na mimi, kabla akili haijafika, mdomo ulishafika: "Shikamoo, mama."

Darasa likanyamaza. Wakongomani kwao hawaamkiani hivyo, lakini shikamoo wanaijua. Mama akanitazama juu mpaka chini.

"Jambo, mwanangu. Kumbe uko Muswahili?"

Yule kijana wa shingo akajifunika uso kwa daftari.

Najua kwa nini nilikubali sharti lile kirahisi. Nimelelewa nalo. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa Tanzania, nikafika kidato cha kwanza nikakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Darasa la sita nilikuwa bingwa wa usanisinuru: jani, jua, maji, hewa ya ukaa, nilikuwa nachora na mishale. Kidato cha kwanza mwalimu akaandika "photosynthesis", akaisema, sisi tukaiimba, na ilinichukua nusu muhula kutambua kwamba ni yuleyule rafiki yangu wa darasa la sita amevaa suti. Hakuna aliyenitambulisha. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kipande cha ubao shingoni, naye akae nacho mpaka amnase mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika habari za adhabu kama hiyo katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, akisimulia shule za Kenya ya mkoloni. Mimi sikusoma zama za mkoloni. Kibao kile nilikivaa mara tatu, na mara ya tatu nilikikabidhi kwa kumkanyaga mwenzangu kidole makusudi, apige kelele kwa lugha ya mama yake.

Kwa hiyo siri ilipofichuka nilijiona kama mtu aliyevuliwa kile kibao. Niliingia darasa la kesho yake na Kiswahili changu chote. "Used to" tukaimaliza kwa dakika mbili. Tukafika kwenye lile kosa linalowatesa sana Wakongomani, la kusema kaka yangu amekuja na "her wife". Waganda wakilisikia hucheka, wanadhani mtu hajui mwanamume na mwanamke. Anajua. Kifaransa chake ndicho kinachomwambia aangalie kitu kinachomilikiwa: mke ni jinsia ya kike, basi neno la kumiliki nalo liwe la kike. Kiingereza hutazama mwenye mali. Na Kiswahili, Mungu akibariki, kinasema mkewe na mumewe na nyumba yake, hakimuulizi mtu jinsia. Nikawaeleza hivyo, kwamba wamesimama katikati ya lugha tatu zenye desturi tatu. Kijana wa shingo akapiga meza: "Sasa nimesikia!" Kwao kusikia ni kuelewa.

Mrundi na r na l zake, Msomali ambaye lugha yake haina p wala v, hao nitawapita. Kila mwalimu wa Kiingereza ana mfuko wa hadithi za aina hiyo, na nyingi ni za kuchekea watu ambao hawapo.

Mama wa Butembo yeye hakuwa na haja na mke wa mtu. Alitaka kusoma ankara. Siku moja baada ya kipindi aliutoa ujumbe wa muuzaji wake wa China na kuniuliza kwa nini kontena halitoki. Muuzaji alikuwa amemwandikia mara tatu habari ya "balance", asilimia 70. Mama alikuwa ametulia tuli. Hapa Kampala "balance" ni chenji: unampa kondakta noti kubwa, anakudai uvumilivu, kisha anakupa "balance" yako. Mama akadhani Mchina anamwambia kuna chenji yake, akawa anasubiri kwa adabu arudishiwe. Kumbe alishalipa ile asilimia 30 ya kuanzia na mwenziwe anadai iliyobaki. Nilipomweleza alikaa kimya, akahesabu siku kwa vidole, siku ambazo mzigo umelala, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Usiku uleule akatuma pesa.

Nilitamani mwenye chuo angekuwepo. Kitabu chetu cha kiada, kilichochapishwa Uingereza, kinamfundisha mama kuagiza chai hotelini na kuzungumzia mvua. Hakina habari kwamba neno lilelile ni chenji ndani ya teksi ya Kampala na ni deni kwenye ankara ya Guangzhou. Hakina habari pia na kondakta anayekwambia "extend" akitaka usogee, au jirani anayekusalimu "well done" akikukuta unafagia. Wanafunzi huniuliza kama hicho ni Kiingereza cha kweli. Huwaambia kwenye mtihani hapana, kwenye teksi ndiyo, na ukibisha teksini utaachwa kituoni.

Raha yangu ilidumu wiki sita hivi. Kijana mmoja wa Juba, mrefu, mkimya, anayeandika vizuri kuliko wote, alinisubiri kipindi kiishe. Akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka: mwalimu, ndani ya chumba hiki kuna madarasa mawili, na mimi nimelipia moja. Wakati sisi tunacheka habari za mkewe na mumewe, yeye na Wasomali wanne walikuwa wanatazama dirishani. Alikuwa anazo lugha mbili kabla ya Kiingereza, Kiarabu cha Juba na lugha ya kwao, na hakuna hata moja niliyowahi kumuuliza.

Sikuwa na la kumjibu. Kibao nilichodhani nimekivua nilikuwa nimewavisha watu watano.

Nikairudisha ile karatasi ya Kiingereza tu, iliyokuwa imedondoka nyuma ya kabati. Mwenye chuo aliniona nikiibandika akadhani nimetubu, akanipongeza. Sababu yake na yangu ni mbali kama Tanga na Tunduru, lakini karatasi ni hiyohiyo na gundi ni ileile. Kiswahili nikakihamishia kwenye ngazi. Baada ya kipindi nakaa robo saa ngazi ya tatu kutoka juu, anayetaka anakuja. Na kwa wale wa Juba na Kisenyi nilianza kuomba msaada wa waliotangulia, wanafunzi wa zamani wanaojua lugha zao, waje Ijumaa. Wengine huja, wengine hawaji. Si mpango wa kujivunia.

Kwenye ngazi ndipo nilipopata swali ambalo mpaka leo sijalijibu. Wanaojiandaa na mtihani wa IELTS lazima wafanye mazoezi ya kuzungumza. Mtihani huo wa mdomo ni wa dakika 11 hadi 14, na katikati yake mtahini anakupa kadi yenye mada: dakika 1 ya kujiandaa, kisha uzungumze hadi dakika 2 bila kukatizwa. Kadi za mazoezi natunga mwenyewe. Nilikuwa nimetunga moja, kwa uvivu tu, ya safari unayoikumbuka. Ikamwangukia binti wa Goma. Akazungumza vizuri sana juu ya kwenda Entebbe kuona wanyama: basi, simba, aiskrimu, kurudi jioni. Vitenzi vyote vya wakati uliopita vimekaa mahali pake. Nikampa alama za juu.

Jioni akaja kwenye ngazi, akakaa, akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Ile safari ingine, mwalimu," akasema, "bado sina Kiingereza yake."

Sikujua ananiomba nimpe au ananiarifu tu. Msamiati ninao; mwalimu wa lugha hakosi maneno. Nilimuuliza kama anakitaka. Akasema, "Tutaona." Kadi ile niliichana siku hiyohiyo, ingawa najua mtahini wa kweli anaweza kuwa nayo nyingine kama hiyo, na nikimlinda darasani simlindi huko. Kuna siku naona nilikosea kuichana.

Mama wa Butembo aliacha masomo kabla ya kumaliza kitabu. Alisema Kiingereza alichopata kinatosha mzigo alionao. Kijana wa shingo amepata chuo, anasomea famasia, na kila tukionana huniuliza kama nimekula.

Yule wa Juba hakupata alama alizotaka kwenye sehemu ya kuzungumza. Nilipotezana naye karibu mwaka mzima, mpaka mwezi uliopita, karibu na Old Taxi Park, nikasikia naitwa kutoka nyuma ya meza ya makava ya simu. Ana ubia na Mkongomani mmoja wa darasa lilelile. Wateja wao wengi ni watu wa Kivu.

"Mwalimu! Siku mingi! Niko nauza bintu hapa."

Nikamwuliza Kiswahili amejifunza wapi. Akacheka: darasani kwako, si ndiyo, mlikuwa mnasema kila siku. Akaniuliza kama anakisema sawa. Nikamwambia sawa kabisa, na kidole changu cha kalamu nyekundu kikaniwasha mpaka Nsambya.