Safari ya Kibong'oto, Kuviona Vimelea Viking'aa

Upande wa magharibi wa Kilimanjaro hauna fahari ya Marangu wala Machame. Watalii huupita wakikimbilia lango la Londorossi, nao wenyeji wa mikoa mingine huujua kwa jina moja tu: Kibong'oto. Hospitali hiyo, iliyoko karibu na Sanya Juu, ilianza mwaka 1926 kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu, yaani TB. Kwa wazee wetu, kusema fulani kapelekwa Kibong'oto kulitosha; ugonjwa wenyewe haukutajwa.

Kilichonipeleka ni habari za Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi aliyesomea Marekani. Mwaka 2018, yeye na wenzake wa maabara ya Carolyn Bertozzi, Chuo Kikuu cha Stanford, walitangaza rangi inayong'aa ndani ya kimelea cha TB kilicho hai tu. Nilitaka kuona kwanza rangi tuliyo nayo sisi inafanya nini.

Kutoka stendi ya Moshi nilipanda Hiace hadi Boma Ng'ombe, nikahamia Noah ya Sanya Juu. Migomba ilibaki nyuma upesi. Huku ni mahindi, maharage na alizeti, upepo na vumbi, mlima ukiwa kulia. Mama niliyekaa naye, kikapu cha maparachichi mapajani, aliniuliza naenda kumwona nani.

“Sina mgonjwa, mama. Naenda kuangalia hadubini.”

“Haya, mwanangu,” akasema, kisha akafungua dirisha lote. Sikumlaumu. Hewa inayopita ndiyo kinga ya kwanza ya TB, na hata hospitalini makohozi hutolewa nje, mahali peupe penye upepo.

Maabara nilipewa barakoa nzito inayobana pua, nikaketishwa mbele ya hadubini. Mtaalamu, kijana mpole, alinitayarishia slaidi ya mafunzo, isiyo na jina la mtu. Makohozi hupakwa kwenye kioo, yakakauka, yakapitishwa motoni ili yashike. Hufuata auramini, rangi ya manjano inayonata kwenye ukuta wa nta wa kimelea. Asidi yenye spiriti huiondoa kwingine kote, na mwisho hupakwa pamanganeti ili sehemu iliyobaki ififie. Mwanga wa buluu ukipigwa, auramini huupokea na kuurudisha kwa rangi nyingine.

Niliinama nikaona giza. Kisha, nilipozungusha kirekebishi polepole, vikatokea vijiti vya manjano ya kijani, vyembamba, vingine vimejipinda kidogo, vingine vimelaliana kama njiti zilizomwagika. Robert Koch alipowatangazia wenzake kimelea hiki, Machi 24, 1882, hakuwa na mwanga huu. Kwa njia ya zamani ya rangi nyekundu, mpimaji hutumia lenzi ya kukuza mara mia na tone la mafuta, akitambaa slaidi kipande kwa kipande. Kwa auramini lenzi ndogo hutosha, eneo kubwa huonekana kwa mara moja, na macho hayachoki haraka. Hadubini za kwanza za aina hii zilitaka chumba cha giza na taa za zebaki, ghali na zisizodumu. Taa za LED ndizo zilizozifikisha kwenye hospitali za wilaya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzitumia mwaka 2011.

“Hawa wako hai?” niliuliza.

Kijana akacheka. “Kaka, hawa wamepitishwa motoni.”

Jibu lake lina uzito zaidi kuliko lilivyosikika. Auramini hainusi uhai, inashika nta. Mgonjwa aliyemeza dawa miezi miwili anaweza kukohoa maiti za vimelea, nazo zikang'aa vilevile. GeneXpert, mashine inayotoa jibu kwa takriban saa mbili, nayo hutumia vipande vya kemikali vinavyowaka vikikutana na vinasaba vya TB. Lakini vinasaba hubaki hata kimelea chenyewe kikishakufa.

Rangi ya akina Kamariza inapita mlango mwingine. Wameifunga kwenye trehalosi, sukari ambayo kimelea hiki huitumia kujengea ngozi yake ya nje. Kilicho hai huila na kuipachika humo. Katika maji rangi hiyo imefifia; ikiingia kwenye mafuta ya ngozi ile, inawaka, bila kuoshwa. Kilichouawa kwa joto hakiwaki, na dawa za TB zikiingia mwanga hupungua. Waliijaribu pia kwenye makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini. Bertozzi alipata Nobeli ya kemia mwaka 2022 kwa kazi pana ya namna hii, ya kufanya kemia ndani ya seli bila kuivuruga. Kwangu mimi, sukari hii ndiyo tunda lake linalotuhusu zaidi.

Nilimweleza kijana. Akasikiliza, akanionyesha utaratibu uliopo: kujua kwa hakika kama kimelea kingali hai, lazima kioteshwe, na husubiriwa wiki sita hadi nane kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoota. Kibong'oto hupokea wachimbaji wengi kutoka Mererani, watu wa vumbi la mwamba na mashimo yasiyo na hewa.

“Mchimbaji hangoji wiki nane, kaka. Akipata nafuu anarudi shimoni na wenzake. Hiyo sukari yenu ije, ila isitake friji.”