Barua kwa Babu

Mwaka 1973 Pablo Neruda, mshairi aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobeli, alimwalika Isabel Allende chakula cha mchana nyumbani kwake Isla Negra, pwani ya Chile. Isabel alikuwa akiandikia jarida la wanawake la Paula, na makala zake za kejeli zilisomwa sana. Akaona hapo ndipo pa kuomba mahojiano. Mzee akakataa. Kwa jinsi Isabel anavyosimulia mwenyewe, aliambiwa hakuna mwandishi wa habari mbovu kama yeye nchini: kila habari anajitia katikati, na pasipo na habari anatunga. Kwa nini asihamie kwenye riwaya, ambako kasoro hizo zingekuwa sifa?

Kisa hiki hupendwa sana, na wanaokisimulia hukikatisha hapo, kana kwamba alitoka mezani akaenda kuandika. Hakwenda. Septemba 11 mwaka huohuo Jenerali Pinochet alimpindua Rais Salvador Allende, binamu wa baba yake Isabel. Mwaka 1975 Isabel akakimbilia Venezuela. Huko aliandikia gazeti la El Nacional, kisha akashika kazi ya utawala katika shule moja ya Caracas. Ushauri wa mmoja wa washairi wakubwa wa lugha yake ulilala miaka zaidi ya saba bila kuzaa hata sura moja.

Januari 8, 1981, ikaja habari kwamba babu yake, mzee wa karibu miaka 100, yu mahututi Santiago. Kurudi hakuweza. Basi akaanza kumwandikia barua, ili mzee ajue kwamba visa vyote alivyomsimulia utotoni havitapotea. Usiku, baada ya kazi ya shule, alikaa jikoni na taipureta. Babu akafariki, barua ikaendelea, hadi ikawa bunda la kurasa mia tano hivi. Wachapishaji wa Amerika Kusini waliikataa. Wakala Carmen Balcells wa Barcelona akaipokea, na mwaka 1982 ikatoka Hispania kwa jina La casa de los espíritus. Mwandishi alikuwa na miaka 40. Leo vitabu vyake vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 70, na kila kipya hukianza Januari 8.

Watu huishangaa tarehe hiyo kama hirizi. Mimi naona siri iko kwa babu.

Miswada mingi ninayopewa niisome huanza kwa kutangaza kwamba inataka kuelimisha jamii. Ni nia njema, lakini jamii hainuni, haichoki, haicheki. Babu ukimdanganya atakukata kauli: "Wacha wee, haikuwa hivyo!" Ukimrefushia atasinzia. Anayemwandikia mtu kama huyo hana haja ya kuambiwa na mhariri wapi apunguze.

Lililomfika Isabel miaka kumi baadaye linanithibitishia hivyo. Desemba 1991 binti yake, Paula, aliugua ghafla Madrid na kupoteza fahamu. Mama alikaa kwenye vijia vya hospitali akimwandikia daftarini historia ya ukoo, ili akizinduka asijione amepotea. Paula hakuzinduka, alifariki Desemba 6, 1992. Maandishi yale yakawa kitabu chenye jina lake, kilichotoka mwaka 1994, na mapato yake yakaanzisha mfuko wa kusaidia wanawake na wasichana. Hata hapo hakuwa akiuandikia ulimwengu. Alikuwa akiongea na mwanawe.

Na sisi tulikuwa nalo jambo hili zamani. Mshairi Mwana Kupona, akiwa mgonjwa huko Lamu mnamo mwaka 1858, hakutunga utenzi wa kuwausia wanawake wa pwani. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Wanawake wa pwani waliukuta wosia ukiendelea, wakakaa kitako kusikiliza.

Kwa hiyo wewe uliyeniambia utaandika riwaya ukipata nafasi, nafasi haiji. Mwenzako alifanya kazi shuleni mchana na kuandika jikoni usiku. Chagua mtu mmoja, hai au marehemu, ambaye usingethubutu kumdanganya. Andika jina lake juu ya ukurasa, kisha umsalimie.