Bunduki Yangu ya Mwanzi

Kila mtu anayo hazina yake ya utoto. Mmoja hukumbuka mpira wa matambara, mwingine gari la waya, mwingine tiara. Mimi hukumbuka bunduki. Msishtuke: haikuwa ya chuma, wala haikula baruti. Ilikuwa kipande cha mwanzi, na ndani yake upepo mtupu. Hata hivyo, mpaka leo, nikiwa mwalimu na baba wa watoto, sijapata kumiliki kitu kilichonifurahisha kama kile, wala kilichonifundisha kwa uchungu kama kile.

Nalikuwa na umri wa miaka minane, kiangazi cha mwaka 1996. Tulikaa Kadutu, mlimani, ambako nyumba za mabati zimebanana, na ukisimama mlangoni waona ziwa Kivu chini na rasi za Bukavu zikiingia majini. Babu mzaa baba alishuka kutoka Kabare kutuamkia, na katika mzigo wake wa maharage alikuwa amechomeka mwanzi mmoja mkavu. Akaniita, akasema: "Njoo, mjukuu wangu, keti hapa. Tazama mikono yangu, wala usiseme neno."

Aliukata mwanzi kati ya fundo na fundo, ukabaki kama shubiri moja na nusu, wazi huku na huku. Akachonga kijiti cha mti mgumu, kikapita ndani ya mwanzi bila kukwama wala kulegea, akakiachia mpini. Kijiti chenyewe alikifanya kifupi kuliko mwanzi kwa upana wa kidole. Kisha akachana ukurasa wa daftari langu kuukuu, akatafuna karatasi, akafanya vidonge viwili. Cha kwanza alikisukuma hata mdomo wa mwanzi, kikabana hapo. Cha pili akakitia nyuma, akasukuma kwa nguvu. Pwaa! Kile cha kwanza kiliruka kikapiga mabati ya jirani, na cha pili kikashika mahali pake, tayari kwa zamu yake.

Miaka mingi baadaye, katika somo la fizikia, mwalimu alituandikia ubaoni kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662: hewa ikibanwa katika nusu ya nafasi yake, pasipo joto lake kubadilika, nguvu yake ya kusukuma huwa maradufu. Wenzangu waliikariri, mimi nalitabasamu. Babu yangu, asiyejua kusoma, alikuwa amekwisha kunipa kanuni ile mkononi. Vidonge viwili vimeifungia hewa kati yao. Cha nyuma kikisogea, hewa hukosa nafasi, nayo hukitupa nje cha mbele. Wala msidhani upepo ni mchezo tu. Mnamo mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki za upepo zilizobuniwa na fundi Girardoni, nazo ziliweza kuua mtu pasipo moshi. Toka kidonge cha karatasi hata risasi, njia si ndefu.

Babu alilijua jambo hilo. Kabla ya kunikabidhi mwanzi alinishika mkono, akaniambia: "Lenga kopo, lenga jani, lenga mjusi ukitaka. Mtu halengwi, hata kwa mchezo." Nikaitikia, "Ndiyo, Babu." Siku ya tatu nalikuwa nimekwisha kusahau. Tulikuwa na jeshi letu la watoto kumi hivi, na kamanda wetu alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kijana wa miaka kumi na minne. Alitupanga mistari, akatutembeza mguu sawa, akatuficha nyuma ya migomba. Tulipigana vita kila jioni, tukafa, tukafufuka, tukaenda nyumbani kula ugali na sambaza.

Mwezi wa Oktoba vita vyetu vilikoma, maana vya kweli vilifika. Tarehe 29, Askofu Mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, aliuawa Nyawera, katikati ya mji. Kesho yake mji ulikuwa mikononi mwa askari wa AFDL, waliokuja kumwondoa Mobutu. Sisi tulilala chini ya vitanda, tukisikia mabati yakilia kwa risasi. Kulipotulia, mimi, mtoto nisiye na akili, nalichungulia mlangoni, na mwanzi wangu mkononi.

Njiani alipita askari mmoja. Nasema askari, lakini alikuwa mtoto. Watu waliwaita vijana wale kadogo. Alivaa mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake, na bunduki yake karibu iguse ardhi. Sijui shetani gani alinisukuma. Naliinua mwanzi, nikamlenga kama tulivyozoea kulengana nyuma ya migomba. Akageuka mara moja, na mtutu wake ukanielekea kifuani.

Mama alipita kati yetu nisijue alikotokea. Alipiga magoti matopeni, akanipokonya mwanzi, akauinua juu kwa mikono miwili. "Ni mwanzi, mwanangu!" alimwambia. "Ni mwanzi tu!" Alimwita mwanangu yule aliyekuwa na kidole kwenye kifyatulio. Yule kijana alisimama kitambo. Kisha akashusha bunduki, akauchukua mwanzi, akautazama ndani, akasukuma kijiti. Pwaa! Akacheka, kicheko cha mtoto kabisa, kama cha mmoja wetu. Akamrudishia Mama, akaenda zake.

Usiku ule Mama aliutia mwanzi wangu katika jiko la makaa. Nalilia kama mtu aliyefiwa, nikamwona mkatili. Yeye hakunipiga wala hakunikaripia. Alipuliza makaa tu, na machozi yakimtoka, nami nikadhani ni kwa ajili ya moshi.

Baada ya majuma machache kamanda wetu alitoweka. Askari walikuwa wakiandikisha vijana, naye akaenda nao kwa hiari yake, jinsi watu walivyosema. Lakini hiari ya mtoto wa miaka kumi na minne ni kitu gani? Hakurudi. Mama mkubwa alilitunza shati lake la shule mpaka alipofariki, akilifua kila mwaka mwezi wa Septemba. Nami hujiuliza hata leo kama ni michezo yetu iliyomzoeza kuipenda bunduki, au ni vita vilivyotufundisha michezo ile. Sijapata jibu.

Mwezi wa Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, askari wa serikali waliondoka na silaha nyingine zikaachwa nyuma. Wako watoto waliozishika. Mwezi ule ule Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imethibitisha watoto waliuawa na M23 mjini, na ya kuwa watoto walikuwa wameonekana na silaha. Niliposikia habari hiyo, nalikumbuka magoti ya Mama matopeni. Watoto hawa hawakuwa na mtu wa kusimama kati, wala walichoshika hakikuwa mwanzi.

Majuma machache yaliyofuata, mwanangu wa miaka saba aliniletea kikonyo cha jani la mgomba alichokikata mfano wa bunduki, akanitaka nikitie kamba ya kuvalia begani. Nalitaka kukitupa motoni, kama alivyofanya Mama. Lakini nalikumbuka pia mikono ya Babu. Basi nalitafuta mwanzi, nikaukata, ila safari hii nikaliacha fundo la upande mmoja, nikalitoboa tundu dogo. Nikazungushia kijiti kitambaa. Ukichovya majini na kuvuta, mwanzi hujaa. Ukisukuma, maji huruka hata upande wa pili wa ua. Mwanzi ni ule ule na kanuni ni karibu ile ile, lakini kazi ni kumwagilia miche ya maharage ya mama yake.

Alifurahi mno. Kisha, jinsi watoto walivyo, akamgeukia dada yake, akamlenga. Nikamshika mkono, nikamwambia: "Mtu halengwi, hata kwa mchezo."

"Ni maji tu, Baba," akanijibu.

Enyi wazazi wenzangu, sikumpiga wala sikumpokonya mwanzi wake. Naliketi chini karibu naye, nikamsimulia habari hii yote, tangu mwanzo wake hata shati la shule.